Heko, Fundi Saa wa Songea

Kitufe cha pembeni cha saa ya wapiga mbizi hufungwa kwa skrubu ili maji yasipenye. Rolex waliinadi mbinu hiyo mwaka 1927, kupitia mwogeleaji Mercedes Gleitze. Leo nakala za bei nafuu zimejaa mikononi mwetu, nyuzi za skrubu laini, mpira hafifu; na mvua za Ruvuma haziulizi saa ni feki au halisi.

Fundi saa wa Songea haidharau saa feki. Huvaa lenzi, husafisha nyuzi, hubadili mpira na kuupaka grisi ya silikoni. Nyuzi zikilika, hutafuta kitufe na mrija wake, maana huoana. Kisha humwambia mteja ukweli: manyunyu itastahimili, lakini Ziwa Nyasa usizame nayo. Ustadi bila ulaghai: hongera, fundi!