Marafa, Mlima Unaoanzia Kileleni

Mtu wa Bofa, kwetu pwani, hana mlima. Akitoka mlangoni akaelekea mashariki, ni mchanga mweupe, kisha mwamba, kisha bahari. Akielekea magharibi, ni minazi, mikorosho na mihogo, na shingo yake haitapata sababu ya kuinuka mpaka afike mbali huko Ganze, uliko mlima Mwangea. Ndiyo maana tulipokubaliana, watu saba, kwamba mwaka huu lazima tupande kitu, tuliishia kuchagua shimo.

Shimo lenyewe ni Nyari, korongo la Marafa huko Magarini, ambalo wageni wamelibandika jina la Jiko la Jehanamu. Ukiliona pichani utaapa ni Marekani: nguzo za rangi ya chungwa, vilele vyenye ncha, kuta zilizopangwa tabaka jekundu juu ya jeupe, kama majabali ya Monument Valley tuliyoyazoea katika filamu za zamani za farasi na bastola. Lakini yale majabali yamesimama juu ya tambarare, nawe unayatazama kutoka chini. Nyari ni kinyume. Tambarare iko juu, kijiji kiko juu, na kiingilio unakilipa ukiwa juu. Unafika kileleni kwa gari, kisha ndipo safari inaanza.

Mpangilio huo ndio unaowakosesha watu hesabu. Nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza tulikosea karibu kila kitu. Mara ya pili tulifanya inavyopasa, na njia ilikuwa ileile.

Nianze na urefu, kwa kuwa ndilo swali la kwanza la kila mtu, na ndilo lenye uzito mdogo kuliko yote. Korongo lina kina cha mita 30 hivi, kiasi cha jengo la ghorofa kumi. Mtu wa kilo 70 akijiinua mita 30 anafanya kazi ya jouli 20,600 hivi, sawa na kalori 5 za chakula. Misuli yetu hupoteza sehemu kubwa ya nguvu kama joto, basi zidisha kwa nne: kalori 20. Hamri moja lina mara kadhaa ya hizo. Kwa hesabu hii, aliyekula mahamri mawili na mbaazi angeshuka na kupanda Nyari asubuhi nzima bila tumbo kulalamika. Linganisha na Ololokwe kule Samburu, jabali la kweli lenye kichwa bapa, linaloonekana kutoka barabara kuu ya Isiolo kwenda Marsabit. Kilele chake kiko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huko urefu peke yake unakula nusu ya siku yako. Nyari haikushindi kwa urefu. Inakushinda kwa mchanga na kwa saa.

Mchanga kwanza. Maji yakipwa pale Bofa, tembea kwenye mchanga mbichi karibu na bahari: unyayo unaacha alama tu, hauzami. Sogea juu, upite mstari wa mwani uliokauka, na mguu unatopea mpaka kifundoni. Mchanga ni uleule. Kilichobadilika ni maji. Utando mwembamba wa maji baina ya punje huzivuta zishikane. Ukikauka, punje huachana. Maji yakizidi, punje hutengana vilevile na kuanza kwenda na mkondo. Kila mtoto wa pwani aliyewahi kujenga nyumba ya mchanga anaijua fizikia hii, na anajua pia nyumba yake itavunjwa na kitu kilekile kilichoisimamisha.

Nyari ni nyumba hiyo ikiwa na saruji kidogo. Mchanga wetu wa Bofa unatokana na matumbawe na makombe yaliyosagika. Wa Marafa ni punje ngumu zilizogandishwa na udongo wa mfinyanzi na chuma. Chuma kilichopata kutu ndicho kinachopaka rangi, nyekundu, chungwa na manjano kwa kadiri ya aina ya kutu yenyewe, na pale chuma kilipooshwa au hakikuwepo, weupe unabaki. Wagiriama wana maelezo yao. Paliishi watu wenye ng'ombe wengi hata wakawa wanaoga maziwa, Mulungu akachukia ufujaji huo, ardhi ikawameza. Weupe ni maziwa yao, wekundu ni damu yao. Jina Nyari wenyewe hulifasiri kuwa mahali palipojivunja penyewe. Mwanajiolojia na mzee wa Kigiriama hawaafikiani juu ya sababu, ila wote wawili wanakubali kwamba ardhi ile iliangushwa na kitu cha majimaji.

Kinachobakiza nguzo ni ugumu usio sawa. Mvua ikipiga, hukata palipo laini na kukawia palipo pagumu. Tabaka gumu likiwa juu, linakuwa kofia, na mchanga ulio chini yake husalia umesimama hata jirani zake wakishachukuliwa. Yale majabali ya Monument Valley yanalindwa na kanuni hiyohiyo: juu kabisa kuna kofia ya mwamba mgumu uitwao Shinarump, katikati ukuta wa mchanga uliogeuka jiwe, chini mwamba laini unaoporomoka na kufanya ule mteremko unaofanana na sketi. Kule kimo hufika karibu mita 300 na mchanga umekwisha kuwa jiwe kamili. Kwetu, kucha ya kidole inatosha kuukwangua. Kofia ikidondoka, nguzo haina miaka mingi.

Sasa miguu. Njia ya kushukia Nyari ina sehemu za udongo mgumu kama sakafu, na juu ya sakafu hiyo mvua na upepo vimetandaza punje kavu. Punje hizo ni gololi. Ndizo zilizoniketisha chini mara ya kwanza, nami nimevaa ndara, mkono mmoja umeshika simu. Silika ya mtu anayeogopa kuanguka ni kuegemea nyuma, akidhani anajisogeza karibu na ukuta. Kumbe hapo ndipo anapoharibu, kwa sababu uzito unatoka juu ya unyayo na kuwa nyuma yake, nao unyayo, usiokandamizwa na kitu, unateleza mbele.

Kijana aliyetuongoza safari ya pili, mzaliwa wa hapohapo, alitufundisha bila kusema neno, kwa jinsi alivyotembea. Hatua zake zilikuwa fupi, fupi mno kwa mtu wa miguu mirefu kama yake. Magoti hayakunyooka kamwe. Kifua kilikuwa mbele kidogo, unyayo ulikanyaga wote kwa pamoja, na penye mteremko mkali aligeuka ubavu akashuka kwa kukata pembe huku na huku. Mikono ilikuwa mitupu. Sisi nyuma yake tuliacha nafasi ya hatua kadhaa kati ya mtu na mtu, maana bonge likichomoka chini ya mguu wa aliye juu, humfikia aliye chini kabla ya neno "angalia".

Maandalizi tuliyafanyia nyumbani. Wiki tatu kabla, jioni mbili au tatu kwa wiki, tulitembea Bofa kwenye mchanga mkavu, tukiukimbia ule mbichi, kila mmoja na chupa za maji mgongoni. Watu waliokuja kupunga upepo walituona wendawazimu: njia imara iko pale, nasi tunachagua kutopea. Lakini kifundo cha mguu hakifunzwi kwenye lami. Mchanga mkavu unateleza chini ya kila hatua, misuli midogo ya kifundo inalazimika kusahihisha, na huko Marafa ndiyo inayofanya kazi.

Kisha saa, na hapa ndipo penye kosa letu kubwa la kwanza. Safari ile tulitoka Bofa baada ya kifungua kinywa kizito, tukapita Malindi, tukavuka daraja la Sabaki na maji yake ya rangi ya chai ya maziwa, tukapita Mambrui, tukaacha barabara ya Lamu na kukata kuingia bara. Tulipofika ukingoni ilikuwa saa sita kasoro. Ilikuwa Machi. Marafa iko kama nyuzi tatu kusini mwa ikweta, kwa hiyo katikati ya Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua la saa sita na ushei hupita juu ya utosi kabisa, na ndani ya korongo hakuna ukuta unaoweza kukupa kivuli. Upepo wa baharini unapita juu ya ukingo bila kuingia. Kuta zinalirudisha joto upande huu na upande ule, nawe uko katikati kama andazi kwenye mafuta. Mtu katika hali hiyo anaweza kutoa jasho lita moja kwa saa. Nilikuwa na chupa ya nusu lita, na nusu yake niliinywa garini.

Mlima wa kawaida una huruma moja: ukichoka katikati, unageuka, na njia ya kurudi ni ya kushuka. Nyari haina. Ukichoka, uko chini, na kila njia ya kurudi nyumbani inapanda. Sehemu ngumu inakusubiri mwisho, wakati maji yamepungua na jua limefika. Anayepanga safari ya korongo kama anavyopanga ya mlima, akitumia nusu ya maji kwenda na nusu kurudi, amekosea. Theluthi moja ya kushukia, theluthi mbili za kurudia, ndivyo tulivyogawa mara ya pili, lita mbili kila mtu.

Wengine husema nenda alfajiri, na kwa miguu ni ushauri mzuri. Kwa macho ni hasara. Jua la jioni linapopita kwenye tabaka nene la hewa, mwanga wa buluu hutawanyika njiani na mwekundu ndio unaofika. Ukigonga chuma cha Nyari, ukuta unawaka. Tulichagua katikati: tukashuka saa kumi alasiri, ukuta mmoja ukiwa umeshaanza kulaza kivuli chake sakafuni, tukazunguka kwa saa moja, tukaanza kupanda mapema ili tufike ukingoni kabla jua halijazama. Na tulikwenda Agosti. Baada ya mvua kubwa za masika udongo ule unageuka sabuni, na vijia vya miguu hugeuka mifereji.

Hilo la mwisho lina maana zaidi ya usalama wetu. Mmoja wetu aliuliza kwa nini tusipande nguzo moja tu, ile fupi, tupigwe picha juu yake, ndipo tuseme kweli tumefika kileleni. Kijana alicheka, akaweka kiganja kwenye ubavu wa nguzo, akaupangusa kidogo. Mchanga ukamwagika. Alama ya kiatu kwenye mwamba wa namna hiyo ni mwanzo wa mfereji. Mvua inayofuata inaukuta umekwisha chimbwa na kuuendeleza. Hata Monument Valley, kwenye jiwe gumu, Wanavajo wenye ardhi hiyo wamekataza kuyapanda majabali yao. Tulipiga picha tukiwa tumesimama chini ya nguzo, na mwenzetu alinuna mpaka tulipofika ukingoni na jua likaanza kazi yake.

Jambo moja sikulitabiri. Kupanda kulituchosha papo hapo na kukaisha. Kushuka ndiko kulikochelewa kudai. Paja linaposhusha uzito, msuli unajikaza huku unavutwa kurefuka, na mvutano huo huuchana kidogo kidogo kwa namna isiyouma mpaka kesho au kesho kutwa yake. Wiki tatu za mchanga wa Bofa, ulio tambarare, hazikuwa na mteremko hata mmoja wa kutufundisha hilo. Yule aliyetaka kupanda nguzo anakaa ghorofa ya pili. Siku ya tatu baada ya safari nilimkuta ameshika ukingo wa ngazi, anateremka kinyumenyume.