Chochote, Si Kila Kitu

Mwaka 1974 Ken Boothe, mwimbaji wa Kingston, aliurudia kwa rege wimbo wa "Everything I Own" wa bendi ya Kimarekani iitwayo Bread. Kwenye lebo ya santuri jina limeachwa vilevile. Sasa weka sindano usikilize. Pale Bread walipoimba "kila kitu", Boothe anaimba "chochote", na anakwenda hivyohivyo mpaka mwisho wa wimbo bila wasiwasi wowote.

Iwe ulimi uliteleza au alikusudia, kwangu ni mamoja. Anayetoa kila kitu alicho nacho ameshahesabu mali yake. Anayetoa chochote hajahesabu. Anasema chagua mwenyewe, chukua, nirudishie mtu wangu tu. David Gates wa Bread aliutunga kumkumbuka baba yake aliyefariki, ingawa wengi wetu tuliusikia kama wimbo wa mapenzi. Toleo lao la 1972 ni safi, limepigwa pasi, halina hata mkunjo. Boothe ana mikwaruzo kooni. Besi inatembea chini yake taratibu, gitaa linadonoa kwenye pigo la pili na la nne, na ule msiba unapata mwili. Waingereza waliununua mpaka ukafika namba moja.

Wasomaji wa tafsiri mnaujua mchezo huu. Shakespeare alikuwa na mfanyabiashara mmoja kwenye jina la tamthilia yake. Mwalimu Nyerere mwaka 1969 akatupa Mabepari wa Venisi, tena kwa wingi. Neno moja limebadilika na tayari tamthilia ina hoja nyingine. Ndiyo maana huwa nakasirika nikisikia eti kurudia wimbo wa mtu ni uvivu. Wanarege wazuri walioimba nyimbo za roki walikuwa wakizisoma, na wakati mwingine walizisoma vizuri kuliko wenyewe walioziandika.

Haya yote nimejifunza kwenye lebo za santuri. Zangu hazifiki mia, nyingi nimezinunua Dar bila jalada, na ile ya Boothe ina jina la mtu limeandikwa kwa peni ya buluu pembeni ya tundu. (Santuri ndogo za Jamaika mara nyingi zina tundu kubwa, kwa hiyo bila kile kiplastiki cha kujazia katikati utabaki unaitazama tu.) Raha yake siwezi kuieleza kwa mtu anayesikiliza kwenye simu. Santuri inakulazimisha usome. Ikiwa inazunguka huna la kufanya, unaikodolea macho, na chini ya jina la wimbo kuna herufi ndogo sana: jina la mtunzi.

Na hapo ndipo kwenye vituko. UB40, bendi ya Birmingham, walifika namba moja Uingereza mwaka 1983 na "Red Red Wine". Wenyewe walisimulia kwamba waliujua kupitia kwa Tony Tribe, aliyeuimba kwa rege mwaka 1969. Kwenye lebo waliona mtunzi ni N. Diamond, wakadhani huyo ni Mjamaika fulani aitwaye Negus Diamond. Kumbe ni Neil Diamond, Mmarekani mweupe kutoka Brooklyn! Wengine wanacheka ujinga wao. Mimi naona hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote ambayo Tony Tribe angeweza kupewa: aliumiliki wimbo kiasi kwamba mwenye wimbo akaonekana jirani yake.

Kuna nyimbo ambazo hata kusema zimerudiwa ni kuzionea, kwa sababu zimerudi nyumbani. "Louie Louie" wengi wanaijua ya The Kingsmen ya 1963, ile iliyoimbwa kwa kuguguna maneno hadi FBI wakachunguza kama kuna matusi ndani yake. Aliyeiandika ni Richard Berry, mwanamuziki mweusi wa Los Angeles, na kwenye toleo lake la 1957 anayeongea ni baharia anayemsubiriwa na mpenzi wake Jamaika. Berry aliuza haki zake kwa dola 750, wimbo ukaenda kuwatajirisha wengine, na malipo ya maana akayapata miaka ya 1980. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Toots and the Maytals wakaurekodi. Toots anauimba zaidi ya dakika tano, anaubishia, anausukuma, anauita. Yule baharia ameshuka melini.

Lakini si kila rege iliyovalishwa roki ni dhahabu. John Holt nampenda, ila 1000 Volts of Holt ya 1973, na violini zile zilizomwagwa juu yake, nusu yake ni sukari guru. Easy Star All-Stars wa New York nao walichukua albamu nzima ya Pink Floyd wakaifanya Dub Side of the Moon mwaka 2003. Kwenye "Money", milio ya mashine ya kuhesabia fedha imegeuzwa kuwa mtu anayevuta na kukohoa. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya tatu niliona ni watu wanaoheshimu mno kitabu wanachokitafsiri, kisha wanachomekea vichekesho kuficha woga.

Radiodread yao ya 2006, iliyotoka kwenye OK Computer ya Radiohead, ina afadhali, na sababu ni waimbaji walioalikwa. Toots yumo, anaimba "Let Down". Radiohead waliuimba kama watu wanaoporomoka polepole. Toots anauimba kama mzee wa kanisa aliyewahi kuporomoka zamani na sasa anawasimulia vijana.

Ninayoitafuta bado ni ile ya Tony Tribe. Si yoyote. Nakala za mwanzo kabisa zilichapwa kwa makosa, jina lake likaandikwa Tripe, yaani utumbo. Mwenye utumbo huo nyumbani aniambie bei.