Moto Wenye Hewa Yake

Watu wanne wamelala ndani ya gari lililofungwa vioo kwa sababu ya baridi, na hatua moja kutoka vichwani mwao kuna mwali wa gesi utakaowaka mpaka asubuhi. Mwambie hivyo mtu yeyote wa kwetu, anayejua jinsi jiko la mkaa linavyoua katika chumba kilichofungwa, naye atataka waamshwe upesi. Lakini ndivyo familia nyingi zilivyolala katika Volkswagen T3 zilizogeuzwa nyumba na kampuni ya Westfalia ya Ujerumani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Friji ya magari hayo ya kambi, Dometic RM 182, ilitumia umeme wa nyumbani, betri ya volti 12, au gesi. Njia hiyo ya gesi ndiyo ninayoichambua hapa, maana ukielewa ilivyowekwa mle, utajua la kuangalia katika gari lolote la aina hiyo.

Kwanza, moto unazaaje baridi? Mwaka 1922, wanafunzi wawili wa chuo cha teknolojia cha Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni friji isiyo na mota wala pampu. Ndani ya mabomba yake yaliyozibwa mna amonia, maji na haidrojeni. Moto huchemsha mchanganyiko wa maji na amonia ndani ya boila. Amonia hupanda ikiwa mvuke, hupoa kwenye mapezi ya nyuma na kuwa kimiminika, kisha hushuka hadi kwenye sehemu ya baridi inakokutana na haidrojeni. Hapo hugeuka mvuke tena, na ili igeuke hunyonya joto la chakula. Baadaye maji huisharabu na mzunguko huanza upya. Kinachosukuma ni joto na uzito wa kimiminika tu. Ndiyo sababu friji hii iko kimya, na ndiyo sababu hudai gari likiegeshwa likae sawa. Friji nyingi za aina hii hazivumilii zaidi ya digrii tatu hivi za kulala ubavu. Zikizidi, kimiminika hutuama, boila hupata moto pasipo cha kuchemsha, na dawa ya kuzuia kutu iliyomo huganda na kuziba bomba. Pimamaji ya fundi ikiwekwa ndani ya friji inatosha kukuonyesha.

Sasa hao waliolala. Gesi ikipata hewa ya kutosha huungua ikaacha mvuke wa maji na hewa ukaa. Hewa ikipungua hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na chumba cha gari ni kidogo mno. Katika magari makubwa ya kambi suluhisho ni rahisi: friji hupakana na ubavu wa gari, ubavu hutobolewa matundu mawili yenye wavu, moja chini na moja juu, na mgongo wote wa friji hutengwa na chumba kwa ukuta na mpira. Hewa huingia chini, hupitia kwenye mapezi na kutoka juu.

T3 haikuwa na nafasi ya anasa hiyo. Kwa hiyo kichomeo kilifungiwa ndani ya kisanduku cha chuma chenye mabomba mawili, moja la kuvuta hewa na moja la kutoa moshi, yote yakitokea kwenye kifuniko kimoja ubavuni mwa gari. Kwa kuwa midomo yake iko pamoja, upepo huisukuma yote kwa nguvu inayokaribiana, na mwali hautikisiki sana. Chumba hakichangii hewa wala hakipokei moshi. Kwangu mimi huo ndio usalama wa friji ya gesi: moto uwe na hewa yake, watu wawe na yao.

Kisanduku kilichofungwa kilileta shida ya kukiwasha. Watengenezaji wakaweka pampu ndogo ya mkono mbele ya friji. Unapiga pampu kusafisha kisanduku na kukiletea hewa mpya, unabonyeza kitufe cha gesi, unapiga cheche, kisha unainama kuchungulia kidirisha cha kioo chini kabisa ukitafuta rangi ya buluu. Wenye magari hayo hulalamikia sana kazi hii. Hata hivyo ni gharama ndogo kwa kulala salama.

Hatari inayonitia hofu ni ya baadaye, gari likishazeeka. Fundi anafungua kisanduku na kukirudisha bila gasketi. Mwingine anabadilisha friji katika gari kubwa na kuacha upenyo nyuma yake, au mwenye gari anaziba matundu kwa matambara kwa sababu ya vumbi. Friji itaendelea kugandisha, na hakuna atakayeshtuka. Kwa hiyo weka kengele ya kaboni monoksaidi ndani, na uutazame mwali. Ukiwa wa manjano, kuna uchafu: kutu iliyodondoka kutoka bomba la moshi, au utando wa buibui, mdudu anayependa sana mabomba haya. Mwinuko nao huchangia. Kwenye ukingo wa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na friji iliyowaka vizuri Tanga inaweza kukataa.

Mwali ukizimika, thamokapo, yaani kihisi cha joto kilicho kwenye mwali, hupoa na vali hufunga gesi yenyewe ndani ya muda mfupi. Hiyo haizuii uvujaji wa kabla ya vali, kwenye mpira au regyuleta. Na gesi ya mtungi ikivuja hujilaza sakafuni: propeni ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, biuteni mara mbili. Kabati la mtungi lazima liwe na tundu chini la kutokea nje, na viungo vipimwe kwa povu la sabuni. T3 zilizouzwa Marekani zilikuwa na tangi chini ya gari, nje kabisa.

Ukiendesha, zima gesi na utumie volti 12. Katika kituo cha mafuta na ndani ya kivuko hilo halina mjadala. Ukiegesha, usiiache kwenye betri: friji ya wati 120 huvuta ampea 10, na betri ya saa-ampea 60 haifiki asubuhi.

Bado kuna mabomba yenyewe. Mwaka 2006 kampuni ya Dometic iliita zirudishwe friji zaidi ya 900,000 nchini Marekani kwa kuwa bomba la boila liliweza kupasuka kwa uchovu wa chuma, likaachia amonia na haidrojeni zinazoweza kushika moto. Dalili ni harufu kali ya amonia inayochoma macho na doa la manjano nyuma ya friji. Ukiviona, funga mtungi, toa watu nje, fungua milango. Bomba hilo halichomelewi, kwani lina shinikizo kubwa na haidrojeni ndani. Mfumo mzima wa nyuma hutolewa na kuwekwa mwingine.