Kauli ya Shabiki kama Uhakiki: Muziki, Filamu na Bunilizi za Kisayansi kati ya Kasese na Bwera

Makala haya yanatetea hoja moja: kwamba kauli fupi ya shabiki, ile isemwayo wimbo unapokwisha au watazamaji wanapotoka katika kibanda cha video, ni uhakiki, na kwamba Kiswahili hakitakuwa lugha ya watu magharibi mwa Uganda mpaka kauli hiyo itamkwe kwa Kiswahili. Mwaka 2005 marekebisho ya Katiba yalikipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kifundishwe kwa lazima shuleni. Swali ambalo halijapewa uzito ni hili: mwanafunzi akishaijua lugha hii, ataitumia kubishana juu ya nini?

Kasese na Bwera hazikuanza kukisikia Kiswahili jana. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na pamoja nayo wakaja wafanyakazi wa lugha mbalimbali. Jeshi nalo lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya amri, na hofu ya amri hiyo ingali katika kumbukumbu za Waganda wengi. Bwera iko jirani na mpaka wa Mpondwe, na ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, nchini Kongo, ambako Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, ingawa si kile cha vitabu vyetu vya shule. Kwa hiyo Kiswahili hapa kimekuwa lugha ya kazi, ya amri na ya bei. Katika mambo hayo matatu, mzungumzaji halazimiki kusema anapenda nini na kwa nini. Anayemdai hilo ni msanii.

Tuanze na muziki. Wimbo "Sukari" wa Zuchu (2021) umejengwa juu ya sitiari kongwe, na mhakiki wa kitaaluma angeweza kuupita haraka. Zuchu ni binti wa Khadija Kopa, mwimbaji mashuhuri wa taarab, na sikio lililolelewa na mafumbo ya taarab huenda likauona wimbo huu mwepesi. Lakini msikilizaji ambaye Kiswahili si lugha yake ya kwanza huupokea kwa mpangilio mwingine: kwanza mdundo, kisha kiitikio, mwisho neno. Neno lenyewe analijua dukani, na kwa njia hiyo wepesi wa sitiari unakuwa mlango. Shabiki akisema kwamba wimbo ni mtamu ila hauna kitu ndani, amekwisha kutenganisha fani na maudhui bila kuhitaji istilahi zetu. Tunaweza kumpinga, hatuwezi kusema kwamba hajahakiki.

Katika filamu na tamthilia, uhakiki huu umekwisha kuwa sanaa. Msimulizi wa vibanda vya video vya Uganda, aitwaye vijei, hupaza sauti juu ya mazungumzo ya waigizaji: hutafsiri, huwacheka, huwaonya. Katika Who Killed Captain Alex? (2010) ya Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, sauti ya VJ Emmie imekuwa sehemu ya filamu yenyewe. Hata hivyo, lugha kuu ya usimulizi huu nchini ni Kiganda. Kwa Mkonzo wa Bwera, mara nyingi filamu huwa ya ugenini na msimulizi naye wa ugenini. Kwamba kazi hii inawezekana kwa Kiswahili, Lufufu aliionyesha zamani nchini Tanzania.

Bunilizi za kisayansi ndizo zinazotuonya zaidi. Uhura wa Star Trek (1966) alipewa jina lililotokana na neno uhuru. Pumzi (2009) ya Mkenya Wanuri Kahiu ina jina la Kiswahili, ilhali wahusika wake huzungumza Kiingereza. Black Panther (2018) ilitumia picha zilizopigwa kutoka angani juu ya Rwenzori ili kuijenga Wakanda, lakini lugha ya nchi hiyo ni Kixhosa cha Afrika Kusini. Mlima ambao kwa Wakonzo ni makao ya Kitasamba umekuwa mandhari ya nchi isiyokuwapo. Shabiki wa Kasese akisema "mlima ni wetu, maneno si yetu", ametoa tathmini ambayo sifa nyingi za filamu hiyo hazikuifikia. Katika bunilizi hizi, Kiswahili kikitokea huwa kibao cha mlangoni. Ndani ya nyumba husemwa lugha nyingine.

Hatari ya sera ya Uganda ni hiyo hiyo. Kiswahili kinaweza kuandikwa kwenye vibao vya ofisi na karatasi za mitihani, kisha kikaishia hapo.

Hatusemi kwamba shabiki hakosei. Huhukumu kabla ya kueleza sababu, na mapenzi yake kwa msanii humpofusha. Kumfundisha kutoa sababu ndiyo kazi ya darasa. Wala hatudai kwamba Kiswahili kichukue nafasi ya Lukonzo, ambayo tayari inaelewana na Kinande cha ng'ambo. Kiswahili kinahitajika pale ambapo mbishani anatoka Goma, Mwanza au Mombasa.

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, mtihani wa Kiswahili uwe na swali linalomtaka mtahiniwa atetee au apinge wimbo au filamu aliyoichagua mwenyewe. Pili, katika swali hilo, maumbo ya Kiswahili cha Kongo yasikatwe alama iwapo hoja inaeleweka. Mtoto wa Bwera aliyejifunza maneno yake sokoni hastahili kuambiwa kwamba maoni yake yana makosa kabla hayajasikilizwa.