Sekunde 90 kabla ya kugusa usukani

Utepe wa waya uliojikunja chini ya usukani ukikatika, honi hugoma na taa ya SRS, yaani ya mfumo wa eabegi, hubaki ikiwaka kwenye dashibodi. Kuubadilisha ni kazi ya kawaida katika gereji zetu, hasa kwenye magari yaliyotumika Japani. Lakini huwezi kuufikia bila kutoa eabegi ya dereva, na hapo fundi makini huanza kwa kusubiri. Huzima swichi, hutoa tamino hasi ya betri, kisha huacha muda upite. Toyota hutaka zisipungue sekunde 90. Honda hutaka dakika 3. Ndiyo hatua rahisi kuruka mteja anapoharakisha, nami naiona kuwa muhimu kuliko zote.

Ajali mbaya huweza kukata umeme wa betri kabla mfuko wa eabegi haujafunguka. Kwa hiyo ndani ya kompyuta ya eabegi mna kapasita zinazotunza umeme wa akiba. Akiba hiyo hiyo inayomwokoa dereva inaweza kumlipukia fundi aliyeinamia usukani akidhani gari halina umeme. Mfuko hujaa gesi kwa takriban milisekunde 30. Hakuna mtu anayewahi kukwepa.

Umeme ukishaisha, baruti inayoujaza mfuko gesi bado ipo. Kiwashio chake kina upinzani wa takriban omu 2 tu, na mkondo wa ampea 1 na kitu, kwa muda mfupi mno, unatosha kukilipua. Ndiyo sababu hakipimwi kwa mita ya kawaida: mita hupima upinzani kwa kupitisha umeme wake yenyewe, na hapa si mahali pa kukisia kama umeme huo ni mdogo vya kutosha. Hitilafu isomwe kwa mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Hata umeme tuli wa mwilini ni wa kuogopwa, kwa hiyo fundi hugusa kwanza chuma cha bodi, ndipo ashike soketi za njano.

Mfuko ukishatoka, hubebwa kifuniko kikielekea mbali na mwili. Mezani huwekwa kifuniko kikitazama juu, na kitu chochote kisiwekwe juu yake. Ukilipuka hivyo, utafungukia hewani. Ukilazwa kifudifudi, gesi itasukuma meza, na pande la chuma la nyuma ya mfuko litaruka juu kwa nguvu yote. Usiwekwe pia karibu na joto la kuchomelea.

Wakati wa kurudisha, magurudumu yawe yamenyooka na utepe mpya uwe katikati ya mizunguko yake, la sivyo utakatika kona ya kwanza kali. Betri hufungwa mwisho, na swichi huwashwa bila mtu kukaa mbele ya mfuko. Taa ya SRS iwake sekunde chache, kisha izime.

Wapo wanaoizima taa hiyo kwa kufunga resista mahali pa mfuko uliokosekana. Huo ni udanganyifu unaoua: dereva anaona kila kitu kizima, kumbe mbele yake hamna kitu.

Tahadhari hizi zote, hata hivyo, haziponyi mtungi wa gesi unaoujaza mfuko, ukiwa umeharibika. Mitungi ya kampuni ya Takata iliyotumia amonia nitrati iliharibiwa na joto na unyevu wa miaka mingi, ikawa inapasuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa abiria. Nchini Marekani pekee, wito wa kuibadilisha ulihusisha mitungi ipatayo milioni 67, na kampuni ikafilisika mwaka 2017. Hali ya hewa ya Mombasa, Tanga na Unguja ni ile ile ya joto na unyevu inayoichakaza mitungi hiyo. Gereji haiwezi kuona ubovu huo kwa macho wala kuupima. Mwenye gari, peleka namba yako ya chasisi kwa wakala wa mtengenezaji, uulize kama mtungi wako uliitwa kubadilishwa.