Fumbo hufunza lugha, orodha ya majibu haifunzi

Hebu panda teksi Mombasa, mkwame kwenye msongamano wa Kibarani, dereva azime gari kisha aliwashe tena. Huenda ukasikia sauti ya mwanamke kwenye dashibodi: "ETC kado ga sonyu sarete imasen." Gari lilitoka Japani na bado linadai kadi ya kulipia barabara za huko. "Kadi haijatiwa," ndivyo linavyosema. Dereva ameisikia sauti hiyo kila asubuhi, na hata kuiiga anaweza. Muulize maana yake sasa, uone.

Kwa nini hajajifunza? Si kwamba Kijapani ni kigumu kwa sikio la Mswahili. Kina irabu tano kama zetu, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Hata maneno "hata", "kama" na "kata" yapo huko, ila "hata" ni bendera, "kama" ni mundu na "kata" ni bega. Penye tofauti kubwa ni sarufi. Sisi kitenzi tunakikanusha mwanzoni: ha-ijatiwa. Wao hukikanusha mwishoni, ndiyo hiyo "-masen". Mtu makini angeweza kuligundua hilo mwenyewe, lau angetegewa fumbo. Lakini lile gari linasema tu, haliulizi.

Ndiyo maana wanaosifu gemu za mafumbo za kufunza Kijapani wana hoja. Mchezaji huona picha, husikia neno, hukisia, kisha hulijaribu kisio lake. Kasoro ni kwamba katika nyingi ya gemu za lugha, kukosea ni bure. Unabofya, unabofya tena, mwishowe unapatia bila kufikiri.

Gemu ya Chants of Sennaar, iliyotengenezwa na kampuni ya Rundisc ya Ufaransa na kutolewa mwaka 2023, imelikwepa kosa hilo. Lugha zake tano ni za kubuni, si Kijapani, lakini mbinu yake ingefaa lugha yoyote. Mchezaji huandika makisio yake daftarini, na gemu haithibitishi neno mojamoja. Sharti alinganishe kundi zima la maneno na picha zake ndipo aambiwe amepata. Kubahatisha hakumfikishi mbali.

Je, hili ni jipya kwetu? "Kitendawili!" "Tega!" Ukishindwa, unatoa mji, ndipo unapewa jibu. Mji huo ulikuwa wa mdomoni tu, lakini uliuma, na kilichokuuma hukisahau upesi. Bibi zetu walijua kwamba jibu lisilogharimu kitu halikai kichwani.

Sasa fungua baadhi ya vitabu vya marudio vya shule zetu. Vitendawili upande huu, majibu upande ule. Mtoto anakariri: nyumba yangu haina mlango, yai. Kwenye mtihani anaandika "yai" na kupata alama, ati amejua. Hajawahi kujiuliza ni nyumba gani hiyo isiyo na mlango, wala yai lina nini la kufanana nayo. Amelisikia jibu kama yule dereva anavyoisikia kadi.

Basi mwalimu, kesho ufunike upande wa majibu. Waache wakisie, wabishane, na wakishindwa, watoe mji.