Takadini na mtoto wa mwisho

Kwetu Sumbawanga, mji ambao wenyeji hutafsiri jina lake kuwa "tupa uchawi", wengi tulisoma Takadini ya Ben Hanson (1997) kwa ajili ya mtihani wa Kiingereza: wahusika, dhamira, basi. Juzi nimeirudia. Bado inauma pale Sekai anapotoroka na kichanga chake chenye ualbino kwa sababu mila inataka kiuawe.

Ugomvi wangu ni mwisho wake. Takadini anaoa, mkewe anajifungua mtoto mweusi kama wengine, na watu wanashusha pumzi. Lakini ualbino hurithiwa kwa wazazi wote wawili, si kwa mama peke yake anayebebeshwa laana. Mtoto yule mweusi naye lazima amebeba jeni ya ualbino kutoka kwa baba yake, na hali ile inaweza kujitokeza tena kwa wajukuu. Hanson anatufundisha kumpenda Takadini, halafu anatuachia furaha ya kwamba hakuzaa mwenzake.

Notisi za mtihani ndiyo zimezidi kabisa, zinaandika tu kwamba alizaliwa mtoto wa kawaida. Na mwanafunzi mwenye ualbino, aliyekaa dawati la mbele ili aone ubao, naye anainakili sentensi hiyo kwenye daftari lake.